Kijani cha Lini?

Mtu akikuambia anataka kulirudisha gari la zamani katika hali yake halisi, muulize anamaanisha hali ya siku gani. Swali hili linaonekana la kijinga mpaka ufike kwenye rangi. Injini ina jibu: inawaka au haiwaki. Breki zina jibu. Hata viti vina jibu, maana sponji iliyooza haikaliki. Lakini gari lenye rangi mbaya linafika Mbamba Bay saa ile ile ambayo lingefika likiwa na rangi nzuri, kwa hiyo ukiwa unachagua rangi huwezi kujificha nyuma ya ufundi. Unabaki wewe na sababu zako.

Gari ninalolizungumzia ni Peugeot 404 ya marehemu babu yangu, iliyokaa zaidi ya miaka 20 bandani, nyuma ya mikahawa, huku Mbinga. Nyumbani tunaliita Pijo. Si gari la michezo kwa macho ya vijana wa leo: lina milango minne, na buti lake limebeba kahawa kuliko lilivyobeba mabegi. Lakini 404 ilishinda mbio za Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Babu alilinunua likiwa limetumika, katikati ya miaka ya 1970, na nasikia aliyajua majina hayo kama wengine wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga.

Anayelipia ukarabati ni baba mdogo, aliyeko Dar es Salaam. Mimi, kwa kuwa nasoma shahada ya uzamili ya falsafa na nilikuwa nyumbani likizo, nikapewa kazi ya kusimama gereji na kupiga picha. Fundi rangi alipopitisha msasa kwenye mlango wa nyuma, yakatokea matabaka mawili. La juu lilikuwa kijani, rangi ya mafuta ile ya milango na madirisha, iliyopakwa kwa brashi. Michirizi ya brashi bado unaihisi ukipitisha kidole. Chini yake kulikuwa na samawati laini ya kiwandani. Nilimtumia baba mdogo picha. Akajibu neno moja: bluu.

Hoja yake si ya kipuuzi. Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, ambako magari hupewa alama kwa namna yalivyotunzwa, na tangu 2003 kuna Safari Classic, mbio za magari ya zamani. Katika ulimwengu huo, gari lenye rangi ya kiwandani ni jambo moja na gari lililopakwa rangi ya madirisha ni jambo jingine, hata kwenye bei. Lakini baba mdogo hakuishia kwenye bei. Alisema kijani kile ni uongo, na kwamba familia haiwezi kutumia pesa kuukarabati uongo wake. Hapo nilimheshimu, ingawa baadaye sikukubaliana naye.

Mwaka 1984, mwaka ule ule ambao Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, babu alikuwa anashuka kuelekea ziwani, akamgonga mtoto kwenye kona. Mtoto alifariki. Polisi walikuja wakapima, wazee wa pande mbili wakakaa, babu akabeba sehemu yake ya mazishi, na kwa maana ya sheria mambo yakaisha. Miezi michache baadaye gari likawa kijani. Ilikuwa miaka ya uhaba, sabuni yenyewe ilipangiwa foleni, sembuse rangi ya gari. Akapata makopo ya rangi ya milango.

Kwa nini alibadilisha? Bibi anasema mama wa mtoto, ambaye nyumba yake iko karibu na ile kona, alikuwa akiiona bluu ile ikitokea juu ya mlima anaacha kila kitu na kuingia ndani. Babu alilijua hilo, na njia ya ziwani ilikuwa moja. Upande wa pili wa ukoo una maelezo mengine: kwamba alitaka kupita vijiji vya huko chini bila watu kunyoosha kidole na kusema, lile ndilo. Maelezo yote mawili yana mashahidi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja asubuhi moja. Msasa unaonyesha matabaka ya rangi, nia hauonyeshi.

Wasomi wa ukarabati wamegombana sana juu ya jambo linalofanana na hili, ila wao walikuwa na makanisa na majumba. John Ruskin, Mwingereza wa karne ya 19, aliona kwamba kukarabati jengo ni kulidanganya tangu mwanzo, kwa sababu unachopata ni kitu kipya kilichovaa jina la kilichokufa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulikuja na msimamo wa kiasi zaidi: kila kipindi kilichoacha mchango wa maana kwenye jengo kiheshimiwe, kwa kuwa lengo si kulifanya lote lifanane na siku moja. Kwa kanuni hiyo, kijani cha 1984 kina haki kama samawati ya kiwandani. Pengine zaidi. Samawati ilichaguliwa na watu wa Ufaransa ambao hawakuwahi kumjua babu; kijani alikichagua yeye, akakipaka kwa mkono wake.

Nilimpelekea baba mdogo hoja hiyo, akaibomoa kwa sentensi chache. Mkataba unazungumzia mchango wa maana, akasema. Doa nalo ni mchango? Mtu akiandika juu ya jina lake kwenye hati ya mahakama, utauita huo mchango? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Tofauti ninayoiona ni kwamba hati imeandikwa ili iseme ukweli, na anayeifuta anamnyima mtu ushahidi. Rangi ya gari haikuwahi kuahidi kusema lolote. Na hakuna aliyenyimwa ushahidi: polisi walijua, kijiji kilijua, mama alijua. Kama kijani kilimficha babu kwa mtu, kilimficha kwa wageni tu, na sijui tunawadai nini wageni hapo.

Binamu yangu wa kidato cha tano alikuwa na pendekezo la tatu: nyekundu yenye boneti nyeusi, kama Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda Safari mwaka 1971. Tulimcheka, maana unalivalisha Peugeot jezi ya timu nyingine. Hata hivyo pendekezo lake lilinisaidia kuliko vitabu. Boneti ile ilipakwa nyeusi isiyong'aa ili jua lisirudi kwenye macho ya dereva. Yaani aliyeipaka alijiuliza rangi ile itafanya nini ndani ya jicho la mtu fulani aliyekaa mahali fulani.

John Locke aliandika, karne ya 17, kwamba rangi haimo ndani ya kitu kama umbo au ukubwa ulivyomo. Kilichomo ni uwezo wa kuamsha kitu fulani ndani ya anayetazama. Darasani tulilisoma kama fumbo la kupasua kichwa. Huku kwetu si fumbo hata kidogo. Kwenye miamba ya Mbamba Bay kuna mbuna, samaki wadogo ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa ajili ya rangi zao. Wa mwamba huu anaweza kuwa tofauti na nduguye wa mwamba ule, na mvuvi anayesaka kitoweo hawatazami mara mbili. Rangi ile ile kwa mmoja ni bidhaa na kwa mwingine si kitu. Kwa mama wa kwenye kona, samawati ile ina uwezo ambao haina kwa jaji yeyote wa Nairobi, na uwezo huo ni sehemu ya rangi yenyewe.

Pingamizi lipo na ni zito. Kama rangi ni ya wanaotazama, kila mpita njia atakuwa na kura kwenye gari lako? Jirani asiyependa njano atakukataza njano? Hapana. Kuchukizwa si kuumizwa, na anayedai hapa hadai ladha yake. Isitoshe, yeye hajadai chochote. Miaka yote hiyo hajawahi kusema neno kuhusu rangi ya gari la mtu.

Baba mdogo akapata suluhisho: twende tukamuulize. Kama hana shida, bluu. Kwa mtu aliyesoma maadili ya utafiti hili linavutia sana, ridhaa ya mhusika na kadhalika. Bibi alikataa katakata. "Mkimuuliza," alisema, "mnataka awape ruhusa. Na akiwapa, atakuwa amewapa kwa sababu mmekaa kwenye kiti chake na mnakunywa chai yake." Baba mdogo alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akasema, "Haya mama, kijani." Hakusema amekubali. Alisema haya, na pesa akatuma.

Nilidhani tumemaliza. Fundi akaniuliza, "Dada, kijani cha lini?"

Juu ya paa kilikuwa kimepauka mpaka kufanana na vumbi la majani. Milangoni kilikuwa cha kati. Alipofungua kibao cha namba cha nyuma, chini yake kulikuwa na kijani kizito cha jani la mgomba baada ya mvua, ambacho jua halikuwahi kukigusa. Hicho ndicho babu alichokipaka. Lakini ninachokikumbuka mimi, na anachokikumbuka kila mtu aliye hai, ni kile cha milangoni. Nilichagua cha milangoni. Fundi hakupenda, anasema gari jipya likipakwa rangi ya zamani wateja watadhani kompresa yake mbovu. Kadi ya gari, ikiwa mtu atajali, imeandikwa bluu mpaka leo, na hilo tutalipeleka kwa wahusika lirekebishwe.

Likabaki buti. Kwa ndani kifuniko chake ni samawati tupu, babu hakupaka brashi humo hata mara moja. Fundi alitaka kupiga kijani kote, ni nusu saa tu ya kazi. Nilimpigia bibi nikiwa na uhakika atasema pigeni.

"Hapo acheni," alisema. "Babu yako buti alikuwa anafungua mwenyewe. Hata mimi hakuniruhusu."