Sauti ya Mwanafunzi ni Mali ya Nani?

Swali ninalotaka kulileta mbele ya walimu wenzangu laweza kuonekana dogo, nalo ni hili: mwalimu anaponasa somo lake katika kompyuta, picha ya skrini pamoja na sauti zipitazo ndani ya mashine, je, sauti za wanafunzi waliosema humo zimekuwa mali yake? Yamkini wapo watakaojibu upesi kwamba hayo ni mambo ya mafundi wa mitambo, hayafai kuwasumbua walimu wa lugha. Mimi naona kinyume. Latuhusu sisi kuliko walimu wengine wote, kwa kuwa chombo cha kazi yetu ni sauti ya mtu.

Kwanza tukiri faida zake. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Ni nchi chache sana duniani zilizokaa muda mrefu kiasi hicho bila shule. Watoto walio wengi waliachiwa redio na karatasi za mazoezi. Wachache wenye kompyuta au simu janja walifundishwa kwa Zoom na WhatsApp, na hapo ndipo walimu wengi wa Kampala walipojifunza kurekodi skrini, ili yule aliyekatikiwa umeme au aliyeishiwa na bando asikose somo. Haja hiyo haijaisha. Julai 2021 data ya intaneti iliwekewa ushuru wa asilimia 12, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, ilhali walimu wake ni haba. Somo moja lililonaswa vizuri hapa mjini laweza kusikilizwa Arua au Kabale mara ishirini. Atakayetuambia tuache kabisa kurekodi hajui hali ya madarasa yetu.

Hata hivyo, yafaa tuelewe mashine inafanya nini hasa. Kinasa sauti cha zamani, kile cha kanda, kilisikia kama sikio lisikiavyo: kiliwekwa mezani, kila mtu akakiona, nacho kikapokea vyote vilivyokuwamo chumbani, mvua juu ya mabati, honi za teksi, hata kikohozi cha yule aliyekibonyeza. Kunasa sauti ya ndani ni jambo jingine. Programu huichota sauti kabla haijafika kwenye spika, ikiwa bado ni mkondo wa tarakimu ndani ya kompyuta. Haisikii chumba. Waweza kuvaa visikizi masikioni, nyumba nzima ikawa kimya, na bado kila neno la mwanafunzi likahifadhiwa safi kuliko ulivyolisikia wewe mwenyewe.

Waliounda vyombo hivi hawakukosa kuliona tatizo. Android ilipofungua njia ya kunasa sauti ya ndani mwaka 2019, katika toleo lake la 10, iliwekwa mipaka: programu iliruhusiwa kunasa sauti ya muziki, ya video au ya mchezo, lakini si sauti za watu wanaozungumza kwa simu, na mwenye programu alipewa uwezo wa kukataa sauti yake isichukuliwe. Katika kompyuta mambo ni mepesi zaidi. Programu ya bure kama OBS Studio huchota kila kinachoelekea kwenye spika, kiwe ni taarabu au mtoto anayesoma ufahamu. Tena, anayerekodi kwa kitufe cha Zoom yenyewe hujulikana, kwani wote waliomo huarifiwa. Anayerekodi kwa programu iliyo nje ya Zoom hajulikani na yeyote.

Liko jambo moja zaidi ambalo kwangu ndilo kiini cha shauri lote. Aliyechagua kunasa sauti ya ndani peke yake, bila maikrofoni yake, hatasikika katika kazi yake. Sauti za wengine zote zimo, yake haimo. Swali aliloliuliza, kicheko alichokitoa, namna alivyomharakisha mtoto, vyote vimepotea, na kilichobaki ni jibu la mtoto likining'inia peke yake. Kanda ya zamani ilimshuhudia hata mwenye kanda. Chombo kipya humwacha aondoke.

Hapa mtu aweza kunipinga kwa historia ya nchi hii hii. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi nyimbo na ngoma za makabila yetu kati ya 1949 na 1954. Hugh Tracey naye alirekodi muziki wa ikulu ya Kabaka mwaka 1950 na 1952. Mei 1966 jeshi lilipolivamia Lubiri, wapigaji wa ikulu walitawanyika, na ujuzi wa ngoma za entenga ukakaribia kutoweka. Leo nakala za kazi ya Wachsmann zimo katika hazina ya sauti yenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Makerere, na vijana huzisikiliza ili wajifunze yale ambayo babu zao hawakupata nafasi ya kuwafundisha. Je, si afadhali walirekodi?

Ni afadhali kubwa, wala sitathubutu kusema vinginevyo. Lakini tazama ni nini kilichotolewa. Wale wapigaji walikuwa mabingwa. Walicheza kile walichokuwa wamekikamilisha kwa miaka, na mashine ilikuwa mbele ya macho yao. Mwanafunzi wa lugha hutoa kitu cha aina nyingine kabisa. Hutoa kosa. Mtoto aliyelelewa kwa Kiganda husema "balua" akitaka kusema barua, na "kiro" akitaka kusema kilo, kwa kuwa katika lugha yake l na r hupeana zamu kwa kufuata irabu iliyotangulia. Hana budi kuyasema hayo mara nyingi mbele yetu ili siku moja aache kuyasema. Kujikwaa si kuanguka, lakini mtu hukubali kujikwaa pale tu anapojua kwamba nyayo zake zitafutika.

Na Kiswahili hapa Kampala kina mzigo wake. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi walikijua kwanza kama lugha ya kambi za askari na vizuizi vya barabarani. Miongo imepita, Katiba ikarekebishwa mwaka 2005 na kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili, lakini bado mtu mzima wa mjini hufungua kinywa kwa haya anapojaribu kukisema. Nalijua darasa moja la watu wazima, silitaji, ambamo sekunde chache za mama mmoja akihangaika na ngeli zilikatwa kutoka katika somo lililorekodiwa, zikapelekwa kutoka simu hadi simu kama kichekesho. Hakuna aliyemtukana. Alichofanya ni kuacha kuja. Aliyemrekodi alisema hakukusudia ubaya, nami naamini. Lakini mama yule alikuwa ameliazima darasa sauti yake kwa saa moja tu, naye hakurudishiwa.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 yataka ridhaa ya mwenye habari, na kwa mtoto yataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Walimu wengi hudhani wameitimiza wanapouliza mwanzoni mwa somo, "Narekodi, kuna anayepinga?" Kimya kikifuata, huendelea. Kimya hicho ni cha nani? Katika Buganda binti hupiga magoti kumsalimu mkubwa wake. Mtoto aliyelelewa hivyo hawezi kumwambia mwalimu "hapana" mbele ya wenzake thelathini. "Ndiyo" yake ni adabu. Kuiita ridhaa ni kuyatumia malezi mema ya watu kama mtego.

Kwa hiyo, naona kuuliza peke yake hakutoshi. Yafaa somo lenyewe lipangwe hivi kwamba mtoto asilazimike kukataa. Maelezo ya sarufi, usomaji wa mfano, uchambuzi wa shairi, mwalimu na ayarekodi kwa sauti yake mwenyewe, akiwa peke yake ikiwezekana, ayatume Arua na Kabale apendavyo. Saa ya mazungumzo ikifika, mashine izimwe, na wote waone imezimwa. Nasikia pingamizi: mwanafunzi hunufaika akijisikia mwenyewe. Naam, hunufaika sana. Basi ajirekodi kwa simu yake, amletee mwalimu, na akitaka aifute.

Na mwanafunzi anayemrekodi mwalimu je? Sioni kwamba pande hizi mbili ziko sawa. Mwalimu amesimama kwa hiari mbele ya watu, analipwa kwa kusema, na akikosea ni haki wanafunzi wajue. Mwanafunzi na anase maneno yangu ili akajisomee; kuyatangaza kwa umma ni jambo la kuniomba, nami nitaweza kukataa bila kupoteza chochote. Mtoto akinikataza mimi huogopa kupoteza alama.

Zimesalia video za 2020 na 2021, zilizolala katika simu na kompyuta zetu. Waliokuwa na umri wa miaka kumi na miwili wakati ule sasa ni vijana wakubwa, na wengi hawajui kwamba bado tunazo. Tuzifungue moja moja. Penye sauti ya mwalimu tu, tuhifadhi. Penye sauti ya mtoto, mwenyewe atafutwe aulizwe, kwa faragha, pasipo darasa kusikiliza, asipopatikana, ifutwe.