Shoka la Mbali

Kisiki kile cha Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, hakikuwa tena na kitu cha kukatwa. Mama mmoja kutoka Rutshuru, Kongo, alikuwa akichimbua mizizi yake kwa jembe. "Maharage hayaivi kwa jua, mwanangu," akaniambia, akaendelea kuchimba.

Mti ule ulikatwa na nani?

Zamani yeye mwenyewe alikuwa na jibu jepesi. Mwaka 1994, akiwa msichana, aliona mamia ya maelfu ya Wanyarwanda wakivuka mpaka na kupiga kambi Kibumba na Katale, kando ya Virunga, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1925, ya kwanza barani. Msitu ukaishia mafigani, na mwaka huohuo UNESCO ikaiingiza hifadhi katika orodha ya urithi ulio hatarini. "Tuliwaita wala msitu," alisema. Kisha vita vikamfikisha yeye Nakivale, na sasa akipita na mzigo wa kuni kichwani wenyeji wanamwita vilevile.

Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza mbinu za vita zinazoharibu mazingira vibaya, kwa eneo kubwa na kwa muda mrefu. Lakini mwanasheria akisimama penye kisiki hiki, bunduki haoni. Ililia ng'ambo ya mpaka, na aliyeifyatua hatauona mti huu maisha yake yote. Hata Kiswahili chetu hapa kinapungukiwa. Tunajua kusema mama hakukimbia, alikimbizwa. Ila neno kukatisha tumeliweka kwa safari na kwa tamaa. Mtu aliyelazimishwa kukata mti hatuna neno lake, basi tunamwita mharibifu.

Sisemi hana sehemu yake. Anayo, na anaijua: alipomaliza alilifukia shimo, akalishindilia kwa mguu mpaka likawa sawa na ardhi. Hakuna aliyemwagiza.

Mwaka 1979, vitani, jeshi la Tanzania liliubomoa mji jirani wa Mbarara. Hilo linakumbukwa hadi leo, kwa kuwa nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe hulia na kudai, na mji ukajengwa tena. Mti wa Nakivale nani ataudai?

Jioni ile nilirudi Mbarara, nikapita sokoni kununua debe la makaa. Nililipa, nikalibeba hadi nyumbani, sikumuuliza muuzaji yametoka wapi.