Ongeza Uzito, Ushuke Kilindini

Andiko la wiki: Luka 5:1-11

Petro alikesha usiku kucha asipate kitu. Yesu akamtuma mahali penye kina kirefu, na nyavu zile zile zikajaa mpaka zikaanza kukatika.

Mwaka jana nilihudumu kwa ndugu zetu Wakenya walioko Minnesota, Marekani. Kule kuna samaki mkali anayeitwa maski. Anaweza kupita urefu wa mita moja, na meno yake hukata kamba ya kawaida, kwa hivyo wavuvi hufunga waya wa chuma mbele ya chambo. Humwita samaki wa kurusha mara elfu kumi, maana mtu anaweza kurusha ndoano siku nzima akarudi nyumbani mikono mitupu.

Chambo chake mara nyingi ni mbao iliyochongwa kama samaki mdogo, ikapakwa rangi. Mbao nyepesi huelea juu juu. Lakini maji ya juu yakipata joto la kiangazi, maski wengi huteremka chini. Sasa utafanyaje?

Mzee mmoja wa kanisa lile alinionyesha. Hakuongeza rangi. Alichukua keke, akatoboa tumbo la chambo, akatia vipande vya risasi, akaziba kwa gundi. Alitia kidogo kidogo, akikijaribu ndani ya ndoo ya maji. Nikamuuliza, "Mzee, mbona usitie yote mara moja?" Akacheka. "Mchungaji, kikizidi uzito kitazama kama jiwe. Hakitacheza, na samaki hatakijali."

Kanisa, tusikie hapo. Kila mwaka tunafanya mkutano wa hadhara. Spika kubwa, kwaya na sare mpya, na wanaokuja mbele ni wale wale. Hiyo ni rangi, wapendwa. Wenzetu wameshuka chini. Kijana wa jirani anacheza kamari kwa simu mpaka ada ya shule imeisha. Baba fulani yuko kwenye chang'aa tangu asubuhi. Mama fulani amejifungia ndani akiogopa wanaomdai. Spika haiwafikii hao!

Uzito ni nini basi? Ni magoti. Ni muda wako. Ni kubebeana mizigo, kama Paulo anavyofundisha katika Wagalatia 6:2. Wewe uliyezika mtoto, wewe uliyefutwa kazi ukalala njaa, Mungu anaweza kuyatumia hayo ili ufike alipo mwenzako. Usiyafiche.

Lakini pima! Ukimwendea mtu aliyeumia na hukumu ya saa mbili, atafunga mlango. Uzito bila neema ni jiwe tu. Kaa naye, kunywa chai, sikiliza kwanza. Na tukumbuke, chambo cha maski ni cha kudanganya. Sisi tunabeba Neno la kweli, na anayevuliwa na Yesu anapata uzima.

Jumatano hii, kila mmoja aje kwenye ushirika wa nyumbani na jina moja la mtu aliye chini sana. Tutaliombea, kisha kabla ya Jumapili umtembelee kwake. Usibebe spika.

Baba, tupe uzito wa kushuka na neema ya kukaa huko na wenzetu. Katika jina la Yesu. Amina.