Nia ya Muuaji Hujulikanaje?

Katika darsa yetu ya juma lililopita tulikuwa katika mlango wa jinai, akauliza kijana mmoja swali ambalo halikupata jawabu usiku ule. Yawaje mahakama ya Hague iwahukumu waliowaua Warohingya kwa kosa la kutaka kuliangamiza taifa, na hali kutaka ni jambo la moyoni, na ya moyoni ayajua Mwenyezi Mungu peke yake?

Swali hili si la upuzi. Mkataba wa mwaka 1948 juu ya mauaji ya kimbari haukutosheka na wingi wa maiti; umeshurutisha nia ya kuangamiza watu, wote au baadhi yao, kwa sababu ya taifa lao, kabila, rangi au dini. Hapo ndipo Myanmar iliposhika. Desemba 2019 Aung San Suu Kyi alisimama mwenyewe mbele ya majaji, akadai kuwa jeshi lilikuwa likipambana na waasi walioshambulia vituo vya polisi Agosti 2017, na kwamba askari waliopita mpaka wataadhibiwa kwao.

Lakini sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii hatupasi kushangaa. Fakihi hangoji muuaji akiri. Hutazama chombo: aliyempiga mwenziwe kwa upanga, ambao kwa ada huua, huhesabiwa kuwa amekusudia, aliyempiga kwa kifimbo chepesi ana hukumu nyingine. Kadhi huhukumu yaliyo dhahiri, na siri huachiwa Mwenyewe.

Basi na tutazame chombo. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha Warohingya karibu wote bila ya nchi. Mwaka 2017 watu zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh katika miezi michache, vijiji vikiungua nyuma yao, kisha vingi katika vijiji hivyo vikasawazishwa kwa matingatinga. Mwenye kupigana na waasi ana haja gani ya kufuta hata misingi ya nyumba? Na katika kijiji cha Inn Din wanaume 10 walifungwa wakauawa. Askari 7 walihukumiwa kifungo cha miaka 10, wakaachiliwa kabla ya mwaka kutimia. Waandishi 2 wa habari waliofichua jambo hilo walikaa gerezani zaidi ya siku 500. Kwangu mimi jambo hili moja lina uzito kuliko hotuba yote ya Hague.

Wako wasemao, tuwaachie Akhera. Hao hao wakiibiwa mbuzi huenda polisi. Gambia, nchi ndogo iliyo mbali na Arakan, haikuachia. Ilishtaki Novemba 2019, na waziri wake wa sheria wa wakati ule, Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi katika mahakama ya mauaji ya Rwanda, iliyokaa hapa jirani, Arusha. Ni kweli kuwa kesi hiyo ni ya dola na haimfungi mtu. Kesi ya watu iko katika mahakama ya jinai, ambako Novemba 2024 mwendesha mashtaka aliomba hati ya kumkamata Jenerali Min Aung Hlaing, kwa kuwafukuza watu na kuwatesa.

Lililobaki ni zito kwetu. Mahakama hiyo hiyo ya jinai ilipomtaka Omar al-Bashir kwa ajili ya Darfur, na mwaka 2010 ikaongeza shtaka la mauaji ya kimbari, wengi wetu tulisema ni vitimbi vya Wazungu. Agosti mwaka ule ule alikuja Nairobi, akakaa pamoja na wakubwa katika sherehe ya katiba mpya, wala sikumbuki khutba hata moja niliyoisikia iliyoligusa jambo hilo. Waliouawa Darfur walikuwa Waislamu, wenye kuswali na kufunga kama sisi. Kijana wetu aliuliza nia ya jenerali hujulikanaje. Mimi, tangu usiku ule, nauliza kadhi angehukumu nini juu ya nia yetu sisi, lau angetazama ya dhahiri tu: aliyelia ni nani kwa Arakan, na aliyenyamaza ni nani kwa Darfur.