Adabu ya Mgeni na Amana ya Nyumbani

Mgeni ana adabu zake, na mwenye kuzikosa huhesabiwa mshamba hata kama amesoma. Hapa kwetu Tanga mtoto hufundishwa mapema kwamba akifika nyumba ya watu aanze kwa hodi, asubiri karibu, aketi alipoonyeshwa, ale alichowekewa. Mafundisho hayo ni mema, wala sikushika kalamu ili kuyabeza. Nimeishika kwa sababu pana wakati ambapo adabu hiyo hugongana na wajibu mwingine usio mdogo, nao ni kuwasemea kwa kweli watu uliowaacha nyumbani. Mambo haya mawili yakutanapo katika njia nyembamba, lipi limpishe mwenziwe?

Swali hili huwapata hasa wasanii. Siku hizi imekuwa desturi msanii kualikwa nchi ya mbali, akapewa chumba na posho ya wiki kadhaa, akatakiwa kubuni onyesho pamoja na wenyeji wake. Onyesho lenyewe halichezwi jukwaani. Huchaguliwa mahali penye historia, kama ghala, kituo cha reli au ua wa nyumba kuukuu, na mahali hapo huwa sehemu ya mchezo, hata ukiuhamisha hauna uhai tena. Wako wanaolisifu wazo hili kuwa ni jipya. Kwetu wimbo wa kutwanga ulihitaji kinu, na wimbo wa wavuvi ulihitaji wavu na maji ya magotini. Lililo jipya ni kwamba mchezaji ni mgeni, na mahali si pake.

Niliwahi kualikwa namna hiyo. Mji siutaji, wala chama kilichonialika, maana sikusudii kumshitaki mtu isipokuwa nafsi yangu. Ulikuwa mji wa bandari, kaskazini ya Ulaya. Mahali tulipopewa palikuwa jengo refu la matofali mekundu, ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha kusokota kamba. Nilipoinua macho niliona juu ya boriti nyuzi zilizonasa, zimefanya kijivu kwa vumbi. Zilikuwa singa za mkonge. Nilizitambua kama mtu atambuavyo mwandiko wa ndugu yake.

Msomaji wa Tanga hahitaji kuelezwa mkonge ni nini, lakini wa mbali atanisamehe. Mmea huo si wa asili yetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Dokta Richard Hindorf, na inasimuliwa katika vitabu kwamba kati ya miche 1,000 iliyoanza safari kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyoifunika nchi kutoka pwani hadi Korogwe na kwingineko, hata mwaka 1964 Tanganyika ilitoa kiasi cha tani 230,000. Mikono iliyokata majani hayo ilitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao kabla ya kuhamia Nguvumali, na wazee aliozungumza nao barazani jioni walikuwa wenzake wa korona, kama tuitavyo kiwanda cha kuchana mkonge.

Basi tukaanza kazi. Wenzangu walikuwa wacheza dansi wawili, na mzee mmoja aliyepita miaka sabini, aliyefanya kazi ya kamba katika jengo lile ujanani mwake. Mzee huyo alituonyesha kwa mikono mitupu jinsi msokotaji alivyokwenda kinyumenyume siku nzima, uzi ukirefuka mbele yake. Nami nikaonyesha jinsi mkataji aendavyo mbele, akihesabu majani 30 katika kila tita. Hatukuwa na lugha moja, mkalimani alikuja asubuhi tu. Hata hivyo siku ya tatu tuligundua kwamba yeye akirudi nyuma na mimi nikienda mbele, tunakutana katikati ya jengo. Huo ndio ukawa mchezo wetu. Sijapata kufanya kazi iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Katikati, tunapokutana, nilitakiwa kusoma shairi nililolitunga kwa Kiswahili, na tafsiri yake isomwe baada yangu. Beti tatu zilihusu kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyougua haikuandikwa, na siku ambayo hukumaliza matita yako haikuandikwa vile vile, kwa hiyo mwezi wa manamba ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Mimi ni karani wa serikali, sahihi na mihuri ndiyo kazi yangu, nami najua jinsi mtu anavyoweza kudhulumiwa kwa wino bila ya kupigwa kofi.

Siku mbili kabla ya onyesho, msimamizi alinikaribisha chai. Alikuwa mtu mpole. Alisema shairi ni zuri, lakini watazamaji watakuja na watoto, na je, haingewezekana kuziacha beti zile tatu? Nilikuwa nimekula chakula chao wiki tano. Nikasema hapana neno.

Onyesho lilipendwa, tukapigiwa makofi. Watu walipokwisha kutoka, yule mzee wa kamba alinijia pamoja na mkalimani, akauliza, “Zile namba umeziacha wapi?”

Nilijitetea moyoni kwa muda mrefu. Nilisema mgeni hula alichowekewa. Nilisema nyumba ni yao, na mwenye nyumba ana haki ya kuchagua litakalosemwa ndani yake. Hoja hizo si za kutupwa. Lakini nikitazama sasa naona kwamba zilikosea mahali pawili. La kwanza, adabu hutolewa katika mali ya mtu mwenyewe. Ningeweza kuwaachia kitanda changu, zamu yangu, hata sifa yangu. Zile beti tatu hazikuwa zangu. Zilikuwa amana ya watu waliozilipia kwa migongo yao, na amana haigawiwi kwa ukarimu.

La pili ndilo lililonichelewesha kuliona. Nilidhani mwenyeji ni mwenye funguo. Kumbe mle ndani alikuwamo mwenyeji mwingine, aliyelitembelea jengo lile kinyumenyume ujana wake wote, naye hakuulizwa. Yeye alizitaka namba. Mimi nilimtii mwenyeji mmoja nikamkosea adabu mwenziwe, kisha nikajiita mstaarabu.

Wako waliolifahamu jambo hili mapema. Mwaka 2017 Faustin Linyekula, mcheza dansi wa Kongo mwenye makao yake Kisangani, alialikwa na Jumba la Makumbusho la Metropolitan huko New York. Katika hazina ya jumba hilo alikuta sanamu ya mti ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Hapo mgeni ni nani, na mwenyeji ni nani? Alibuni mchezo uliochezwa ndani ya jumba lile lile, pamoja na Moya Michael wa Afrika Kusini, akaupa jina la Banataba, kijiji cha jamaa za mama yake. Funguo zilikuwa za wengine, lakini kijiji kiliingia.

Na kwa jirani zetu, Kamiriithu, Limuru, wanakijiji walijijengea wenyewe ukumbi wa wazi. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoleta mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, wafanyakazi na wakulima waliusahihisha, maana mambo ya mishahara na mashamba waliyajua kuliko waandishi. Mchezo ulionyeshwa mwaka 1977, ukapigwa marufuku mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Nakumbusha hayo ili nisionekane nawadharau walionyamaza kwa hofu. Ukweli una bei, na wengine huitozwa bei hiyo pamoja na watoto wao. Mimi sikutishwa na mtu. Mimi nilipewa chai.

Niliporejea Nguvumali nilikwenda kwa mzee mmoja, wa mwisho katika wale wa baraza ya baba, nikamsomea shairi zima. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye kipande alikuwa akihesabu kwa vidole.

“Wazungu waliyasikia hayo, mwanangu?”

“Waliyasikia, baba.”

Nilikaa na uongo huo hadi mwisho wa mwezi. Kisha nikarudi nikamweleza yote, beti tatu, msimamizi, na yule mzee wa kamba. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama. Alikaa kimya kitambo, halafu akaniuliza kama chai yenyewe ilikuwa na maziwa.