Mpikie Rafiki Aliyepunguza Wanga

Rafiki aliyeacha ugali na wali si wa kuhurumiwa, hasa akiwa Lushoto. Kabichi na koliflawa za milima hii ya Usambara hushuka kwa malori hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Tuanze kuzithamini huku huku zinakolimwa. Kwangua koliflawa kama unavyokwangua karoti, ikaange na kitunguu na hoho kwa dakika chache tu, isilainike ikawa uji. Ipakue na mnavu na kuku wa kienyeji. Viazi mviringo viache, vina wanga mwingi. Akiwa anatumia insulini, amwone daktari kwanza, maana akipunguza wanga, sukari ya damu inaweza kushuka ghafla. Na usimtengee sahani ya mgonjwa: kuleni wote chakula kile kile.