KUAGA KAZINI NI DENI LA HAKI

Liko jambo linalosumbua shule zetu, zahanati zetu na nyumba zetu nyingi, nalo hunung'unikiwa pembeni kuliko linavyofundishwa waziwazi. Ni jambo la kuacha kazi: mtu aseme lini, amwambie nani, na akae siku ngapi kabla ya kuondoka. Serikali inapotangaza majina ya walimu na wauguzi walioajiriwa, nao wakatakiwa kuripoti katika siku chache, wako wanaofunga mizigo usiku uleule. Asubuhi kengele inalia, wanafunzi wa kidato cha nne wamekaa na madaftari yao ya hesabu, mwalimu hayupo. Simu yake imezimwa. Mkuu wa shule anapata habari kwa mlinzi wa lango.

Majumbani nako twaona yayo hayo. Msichana wa kazi anaondoka alfajiri kabla watu hawajaamka, na mama mwenye kichanga hajui amwachie nani mtoto. Mara nyingine mambo hugeuka: msichana huyohuyo huambiwa saa mbili ya usiku afungashe nguo zake aende zake, bila nauli, wala ndugu hana katika mji ule. Haya mawili ni kosa moja lenye sura mbili, na Wakristu wamo katika sura zote mbili.

Tuanze na sheria ya nchi, maana mtu hawezi kujenga mapendo juu ya haki aliyoivunja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, yataka notisi iwe ya maandishi. Mtu akiwa katika mwezi wake wa kwanza kazini, notisi isipungue siku 7. Baada ya hapo, aliyeajiriwa kwa siku au kwa juma, siku 4. Aliyeajiriwa kwa mwezi, siku 28. Mkataba waweza kuweka muda mrefu zaidi, lakini sharti uwe sawa kwa pande zote mbili: mwajiri hana ruhusa kumfunga mfanyakazi kwa miezi mitatu na kujifunga mwenyewe kwa mwezi mmoja. Notisi haitolewi mtu akiwa likizoni, wala siku za likizo hazihesabiwi ndani yake. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika siku za notisi, mwajiri aweza kuukata mshahara wa siku hizo katika malipo yake ya mwisho. Na aliyetia sahihi mkataba wa muda maalumu, kama mwajiri hakuuvunja, njia yake ya halali ni kupatana naye kwanza. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2005.

Siku 28 basi ni kipimo cha chini. Sheria haiwezi kujua kama wewe ndiwe mwalimu wa pekee wa fizikia shuleni, au kama mko wawili tu mnaopokezana zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Hilo lajulikana na dhamiri yako, na dhamiri ndiyo itakayoulizwa.

Wahenga wetu walisema ahadi ni deni. Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwatetea wafanyakazi kwa nguvu dhidi ya mishahara ya dhuluma. Katika waraka uleule alifundisha kwamba mfanyakazi naye ana wajibu wa kuitimiza kwa uaminifu kazi aliyoikubali kwa hiari na kwa haki. Anayeajiriwa hutoa nguvu zake, na pamoja na nguvu hizo huwafanya watu wengine wamtegemee. Mtoto hujifunza kwa kumtegemea, mgonjwa hulala usingizi kwa kumtegemea. Tegemeo hilo halivunjwi kwa usiku mmoja bila mtu kuumia. Bwana wetu aliposimulia habari za mchungaji wa mshahara, hakumlaumu kwa kuupokea mshahara. Alimlaumu kwa sababu mbwa mwitu alipotokea, mtu yule alitazama nafsi yake akakimbia, kondoo wakabaki bila mtu.

Lakini wengi watatuambia: "Ninyi hamjui mwajiri wangu alivyo." Tuwarudishe katika Kitabu cha Mwanzo. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, na 6 kwa ajili ya mifugo. Labani alikuwa mwajiri mbaya. Alimdanganya siku ya ndoa, akamgeuzia ujira wake mara kumi. Mungu mwenyewe alimwambia Yakobo arudi kwao. Haki ya kuondoka alikuwa nayo kamili. Lakini alimwogopa mkwewe, akangoja amekwenda kukata manyoya ya kondoo, akatoroka na wake zake, watoto na wanyama wote.

Tuangalie yaliyofuata. Labani alipata habari siku ya tatu, akawafuatia mwendo wa siku saba mpaka akawakuta katika milima ya Gileadi. Manung'uniko yake ya kwanza yalikuwa kwamba hakupewa nafasi ya kuwabusu wanawe na wajukuu zake. La pili lilikuwa zito zaidi: miungu yake ya nyumbani ilikuwa imeibwa. Yakobo hakujua kwamba Raheli ndiye aliyeichukua, akaapa kwamba atakayeonekana nayo asiishi. Hema zake zikapekuliwa, moja baada ya jingine, mbele ya watoto wake. Mtu aliyetumika kwa jasho miaka 20 alisimama mlimani akipekuliwa kama mwizi, na karibu amhukumu kifo mke wake ampendaye.

Ndivyo ilivyo hata leo. Anayetoroka hubebeshwa kila kitakachokosekana nyuma yake: saa, fedha ya sadaka, dawa za stoo, simu ya mtoto. Huenda hakugusa kitu, lakini hayupo wa kumjibia. Miaka yake yote ya uaminifu huzikwa na usiku mmoja wa kutoroka. Yakobo na Labani mwisho walikusanya mawe, wakala pamoja, wakawekeana agano, na asubuhi Labani akawabusu watoto akarudi kwake. Kuaga ambako kungefanyika nyumbani kulifanyika mlimani baada ya ugomvi mkubwa.

Sasa mtazameni Musa. Alikuwa akichunga kondoo wa mkwewe Yetro katika nchi ya Midiani, Mungu akamwita kutoka katika kijiti kinachowaka moto, akamtuma kwenda kuwatoa Waisraeli utumwani. Hakuna mtu aliyepewa kazi ya haraka kuliko ile. Hata hivyo Musa alirudi kwanza kwa Yetro, akamwomba ruhusa ya kwenda, naye Yetro akamwambia aende kwa amani. Kama agizo la Mungu mwenyewe halikumwondolea Musa wajibu wa kuaga, barua ya ajira itatuondoleaje sisi?

Tena asije mtu akatuletea mfano wa Mitume waliokwenda mara moja walipoitwa. Mwito wa Mwana wa Mungu haulinganishwi na ngazi ya mshahara. Na Injili ya Marko inasema kwamba wana wa Zebedayo walimwacha baba yao katika mashua pamoja na watumishi wa mshahara. Mzee hakuachwa peke yake na nyavu.

Basi mtu apimeje siku zake? Ajiulize maneno matatu. Nani ataumia nikiondoka? Mwingine wa kushika mahali pangu aweza kupatikana na kufundishwa baada ya muda gani? Siku zipi ni mbaya zaidi kuondoka? Kijana anayeuza dukani, siku za sheria zamtosha. Mhasibu ambaye yeye peke yake ndiye ajuaye hesabu zilivyo, siku 28 huenda zisitoshe kukabidhi, na akiweza kuongeza chache atakuwa ametenda kiungwana. Mwalimu wa darasa la mtihani atafute mwisho wa muhula. Mlinzi asiache lango katikati ya zamu. Msichana wa kazi amwambie mama mapema, hata kama hakuandikiwa mkataba, ili mtoto atafutiwe mlezi.

Na yule ambaye Serikali imempa siku chache za kuripoti? Twajua ugumu wake, na hatumwiti mkosefu kwa kutafuta pensheni na mshahara wa uhakika kwa ajili ya watoto wake. Aipeleke barua kwa mkuu wake siku ileile aliyoipata, asiifiche. Aombe kwa maandishi kuongezewa siku kule anakokwenda, na kupunguziwa siku hapa anapotoka. Mara nyingi watu wakiombwa kwa heshima hupatana. Pande zote mbili zikikataa, naye akaona hana budi kwenda, akubali kukatwa kinachokatwa bila manung'uniko, na asiondoke kabla hajaandika mada alizozifundisha na zilizobaki, hajasahihisha madaftari yaliyo mezani pake, wala kukabidhi funguo.

Wako wanaoogopa kwamba wakitoa notisi watafukuzwa siku hiyohiyo. Hofu hii ina sababu. Lakini sheria inamtaka mwajiri asiyetaka mtu amalize siku zake amlipe mshahara wa siku hizo. Kwa hiyo andika barua, tia tarehe, na nakala yake uiweke. Tena usiache mbachao kwa msala upitao: kabla hujaipata barua ya kazi mpya mkononi, hulazimiki kumtangazia mtu kwamba unatafuta kwingine. Kunyamaza wakati wa kutafuta ni busara. Kunyamaza baada ya kupata ni hila.

Tuseme wazi pia kwamba yako mambo yanayomfungua mtu asikae hata siku moja. Anayepigwa, anayelazimishwa kuiba au kughushi hesabu, msichana anayeandamwa na baba mwenye nyumba, hawa hawadaiwi notisi. Msichana huyo akimbie leo, usiku au mchana, aende kwa masista, kwa padre, kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Wala asirudishwe na mtu kwa kuambiwa amalize mwezi. Aibu si yake. Na asiyelipwa mshahara wake kwa miezi, mkataba umekwisha kuvunjwa na mwingine, aende akadai haki yake.

Hapa twawageukia waajiri, nao wengi ni wasomaji wetu: wenye maduka, wakuu wa taasisi, akina baba na akina mama wenye watumishi nyumbani. Notisi mnayoidai, nanyi mnadaiwa. Torati ilimwamuru mwenye kumwajiri maskini ampe ujira wake kabla ya jua kuchwa, na mwenye kumwachilia mtumwa wake asimwachilie mikono mitupu. Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Mtu anapowajia na barua yake kwa uaminifu, msimfanye adui, msimnyime mshahara wa mwezi ili kumkomoa, msiichelewesha hati ya utumishi anayostahili kwa sheria. Wenzake wanatazama. Wakiona mwenzao aliyeaga vizuri ametukanwa, wao wataondoka usiku. Nyumba nyingi zinazolalamika kwamba watumishi hutoroka, ndizo zilizowafundisha kutoroka.

Na huyo anayeaga, siku zake za mwisho zisiwe za kuja saa nne na kuondoka saa sita. Mshahara wa siku hizo ni mshahara kamili, na kazi yake iwe kamili. Asiwashawishi wenzake wamfuate kwa pamoja, asifute kumbukumbu za ofisi, asiwasimulie wateja mabaya ya nyumba iliyomlisha. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius wa 12 aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kwa maombezi yake twawaombea wote walio na barua mfukoni wiki hii na hawajapata moyo wa kuipeleka. Waipeleke. Na wote watakaoipokea wawaambie kama Yetro alivyomwambia Musa, waende kwa amani. Kisha wakae pamoja, wahesabu siku, na watazame nani atashika chaki Jumatatu, nani atakesha na wagonjwa, na nani atambeba mtoto.